Mwalimu Aliyeapa Kunyamaza

Keti vizuri unisikilize, na tafadhali usiguse kope zako mpaka nimalize. Kwenye mashina ya kope hizo, na kwenye vinyweleo vya pua na paji la uso wako, wanaishi wadudu wenye miguu minane, wembamba kuliko uzi, ambao jicho haliwezi kuwaona. Wanakula mafuta ya ngozi yako. Wanazaana humo humo. Wewe unao, mimi ninao, mchungaji wako anao. Kwa kawaida hawamdhuru mtu, na huenda waliletwa kwako na wale waliokubeba na kukubusu ulipokuwa mchanga.

Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa na mwanamke ninayetaka kukueleza habari zake. Tulikuwa darasa la sita, Nakuru. Aliingia, akafuta ubao, akatuambia hayo ya kope, halafu akangoja tumalize kupiga kelele na kujikuna. Kisha akasema kwa furaha, kama mtu anayegawa peremende, "Kwa hivyo hakuna mtu hapa ako peke yake."

Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi na pia jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu, katika zile nyumba za zamani walizojengewa wafanyakazi wa reli. Babu zetu walikuja kutoka magharibi kufanya kazi hiyo na hawakurudi tena. Mtaani kila mtu alimwita Mwalimu, hata watu wazima ambao hakuwahi kuwafundisha, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Nitakueleza pia ni kwa nini dada yangu mkubwa alimpiga marufuku nyumbani kwake, na jinsi marufuku hiyo nusura itugharimu mtoto.

Alikuwa na desturi ya kusalimia kwa habari. Wengine huuliza umeamkaje. Yeye alikuuliza kama unajua kwamba vumbi lililo chini ya kitanda chako, sehemu yake ni ngozi yako mwenyewe iliyopukutika. "Ukifagia leo," angekuambia, "unajifagia wewe wa wiki jana." Harusini watu waligombania viti vya mbali naye. Si kwamba hawakumpenda. Walitaka tu kula. Siku moja asali ilipopita mezani, akashika kijiko na kuvuta pumzi, na meza nzima ikapiga kelele pamoja.

"Aki Mwalimu, si utuwache tukule kwanza!"

"Sijasema kitu."

"Tunakujua! Unataka kusema nyuki wanatapika!"

"Si kutapika hasa," akasema, "wanatoa kwa kifuko cha tumbo, wanapeana mdomo kwa mdomo." Halafu yeye mwenyewe akala vijiko vitatu, na chake cha nne akakipaka kwenye chapati ya mtu aliyekuwa amesukuma sahani kando.

Usidhani alikuwa jasiri wa kila kitu. Mwanamke huyu aliyeshika panya kwa mkia akatuonyesha viroboto alikuwa anamwogopa kinyonga kiasi cha kupanda juu ya kiti. Nilimwambia, "Mwalimu, si ulitufundisha kinyonga hana sumu?" Akanijibu kutoka huko juu, sketi ameikunja mkononi, "Mimi najua hana. Hii miguu yangu ndiyo haijasoma."

Nakuru tunajulikana kwa meno. Ukienda kusoma au kutafuta kazi mji mwingine, ukicheka tu, mtu anakuuliza kama umetoka huku. Ni meno yenye madoa ya kahawia. Tulikuwa na mwenzetu darasani aliyekuwa akiyasugua kwa majivu mpaka ufizi unatoka damu, na hakuwa anacheka bila kuweka kiganja mdomoni. Mwalimu hakumwambia neno. Alikuja mbele ya darasa akafungua mdomo wake mwenyewe, akapita dawati kwa dawati tumwangalie kama ng'ombe mnadani. Meno yake yalikuwa na mistari ya rangi ya chai.

"Hii si uchafu," akasema. "Haya meno yalipakwa rangi yakiwa bado ndani ya ufizi, kabla yaote. Kila kikombe cha maji nilichokunywa nikiwa mdogo kilikuwa kinapaka meno ambayo hata sijawahi kuyaona."

Akatueleza polepole. Miamba ya bonde hili ilitoka kwenye volkano, na maji ya visima yanapokaa ndani yake hubeba madini ya floraidi. Kidogo huimarisha meno. Kiasi kikizidi, huyaharibu yakiwa yanajengwa. Na hapa ndipo mama zetu walikosea kwa nia njema kabisa: walichemsha maji sana, wakiamini wameua kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, ndiyo, lakini madini hayana uhai wa kuuawa. Maji yanapanda kama mvuke, madini yanabaki, na kilichobaki sufuriani ni kikali kuliko ulichoanza nacho. Watoto tulipeleka habari nyumbani. Muda si mrefu mapipa yakaanza kuonekana chini ya mabati, ya kukinga maji ya mvua kwa ajili ya wadogo. Mwenzetu yule, kwa taarifa yako, siku hizi anacheka mpaka unamwambia anyamaze.

Aliwahi pia kutupeleka Kariandusi, ambako huchimbwa yale mawe meupe mepesi kama mkate uliokauka. Tulifurahi kupita kiasi. Tulijipaka unga wake mashavuni, tukafukuzana kama mizimu. Mwalimu alikaa kivulini akila ndizi, akangoja mpaka wa mwisho awe amejipaka.

"Sasa mnajua mmejipaka nini?"

"Chaki, Mwalimu!"

"Maiti."

Msichana mmoja alikimbia hadi kwenye basi. Sisi wengine tulibaki tumesimama, mikono hewani, tusijue pa kuifutia. Ndipo akatueleza kwamba zamani sana mahali pale palikuwa chini ya ziwa, na ndani ya maji yake iliishi mimea midogo isiyoonekana, kila mmoja umejijengea nyumba ya kitu kama kioo. Mmea ukifa, nyumba yake inazama. Nyingine juu yake, na nyingine, mpaka ziwa likakauka na kuacha mlima wa nyumba tupu. Unga huo huchuja vinywaji. Wakulima wengine huuchanganya na mahindi ghalani, kwa kuwa makali yake hukwaruza ngozi ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje, mpaka akauke. Nilirudi nyumbani na kipande cha mlima huo mfukoni, na mama alipouliza ni nini, nilimjibu kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi njiani. Nilichapwa.

Lakini picha ya mtu isiyo na doa si picha yake, kwa hiyo nikueleze udhaifu wake. Alijua kila kitu isipokuwa saa ya kukisema.

Mvua moja kubwa ilifungua ufa nyuma ya nyumba zetu, na choo cha mzee mmoja, fundi wa viatu, kikadidimia na mlango wake. Mzee akaja kuomba koleo. Mtu mwingine angempa koleo. Mwalimu alimkalisha, akamwambia kwamba chini ya mji wetu kuna majivu ya volkano, kwamba maji hupita huko chini yakiyamumunya taratibu, na kwamba juu panabaki kama ganda la yai. Yote kweli. Ila yule mzee usiku huo alihamisha kitanda chake hadi barazani, akalala huko wiki mbili katika mvua, akapata kikohozi kilichotusumbua mtaa mzima. Mwalimu alimpelekea supu kila siku. Mzee alikuwa anakunywa bila kumtazama usoni. "Sasa Mwalimu," alimwambia siku ya tatu, "na hii kuku, hakuna kitu unataka kuniambia juu yake?" Akajibu, "Ni kuku tu, mzee." Alijifunza kitu wiki hiyo, lakini hakikukaa.

Maana miaka mingi baadaye, nami nikiwa mtu mzima, alikosea kwa dada yangu.

Dada yangu aliolewa na mkulima wa viazi wa Mau Narok. Alikuwa amebeba mimba, na kina mama wa mtaani wakakusanyika kwetu kumpa zawadi kabla hajarudi kwake. Ilipofika zamu ya Mwalimu, alisimama na kikombe chake cha soda. Alisema kwamba mama akibeba mimba, chembe ndogo sana za mtoto huvuka na kuingia katika damu yake. Mtoto akitoka, chembe nyingine hubaki mwilini mwa mama kwa miaka mingi. Zimewahi kuonekana hata moyoni.

"Yesu!" kina mama wakasema, wakacheka, wakajishika vifua.

Dada yangu hakucheka. Kabla ya mimba ile alikuwa amepoteza nyingine, ikiwa na miezi mitano, na nyumbani kwetu hatukuwa tunalitaja jambo hilo. Mwalimu alilijua. Naamini, na nitaendelea kuamini, kwamba alidhani anampa zawadi kuliko zote zilizokuwa mezani. Dada aliweka sahani chini.

"Mwalimu, unaniambia natembea na mtoto amekufa ndani yangu? Mbele ya watu?"

"Hapana, mama, nilikuwa nasema..."

"Usiseme. Na usikuje kwangu. Mtoto akizaliwa, usikuje."

Mwalimu alitoka na kikombe cha soda mkononi. Tulirudishiwa kesho yake, kimeoshwa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, na kama hujawahi kufika Mau Narok mwezi wa saba, ongeza sweta kwenye hadithi hii. Msichana, mzima, ana sauti. Mama yetu alimpigia dada simu kumsihi. Mimi nilikuwa kando, nikasikia jibu lote.

"Akuje basi, lakini afunge mdomo. Nikisikia neno moja la hizo vitu zake, nitamfukuza, na mama usinilaumu."

Mwalimu aliweka mkono juu ya Biblia ya mama bila kuombwa. "Nyumbani kwa huyo mtoto sitafundisha mtu kitu," akasema. "Hata wakiniuliza."

Binamu yetu alitubeba kwa pikapu yake. Njia yote Mwalimu alikaa kama mtu aliyebanwa na haja. Tulipita ngano, tukapita mashimo ya barabara, na mahali fulani tukapita rundo kubwa la viazi vilivyoachwa juani mpaka vimekuwa kijani. Nilimwona akivua kitambaa cha kichwa na kujiziba mdomo.

"Mwalimu," nikamchokoza, "viazi hivyo. Sema kidogo tu. Bado hatujafika."

"Mungu anakuona," akasema ndani ya kitambaa.

Basi nitasema mimi kwa niaba yake: kiazi kikipigwa na jua kikawa kijani, kinatengeneza sumu ya kujilinda, na kukipika hakuiondoi. Ukionja uchungu, tema.

Tulifika mchana, saa tisa hivi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Mwalimu hakutaka kuingia kabla ya kuitwa, kwa hiyo alibaki nje na baba mkwe wa dada, akionyeshwa ndama. Mama nami tuliingizwa chumbani kwa dada. Majirani watatu walikuwa humo tayari, wamekaa kwenye viti vya kuazima. Mama mkwe wa dada alikuwa ameandaa chumba kwa upendo wote alionao. Dirisha lilikuwa limefungwa, na nyufa zake zimezibwa kwa vitambaa. Gunia lilikuwa chini ya mlango. Katikati palikuwa na jiko la makaa, jekundu, zuri, joto lake linakupokea kama mtu.

"Nililiwasha nje," mama mkwe akatuambia, maana aliona mama akilitazama. "Nikangoja moshi iishe yote, makaa ikaiva. Siwezi letea mtoto moshi."

Tulimsifu. Chai ikaja. Tulikaa, tukacheka, tukabishana mtoto amefanana na nani. Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga. Nikasema ni safari. Jirani mmoja akasema hata yeye, ni baridi ya Mau. Mama alisema ni macho yake. Dada alikuwa ameegemea mto, anasema kichwa kimemwuma tangu asubuhi na tumbo linamchafuka, lakini ndiyo uzazi, afanyeje.

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Huyo? Ni malaika. Tangu saa nne amelala tu. Hata kunyonya hataki kuamka."

"Mtoto mzuri," tukasema wote. Nakuomba ukumbuke kwamba tulisema hivyo, watu wazima sita.

Ndipo Mwalimu akaitwa. Alisukuma mlango kwa bega, gunia likasota, akasimama na kikapu chake cha zawadi. Akatazama jiko. Akatazama dirisha. Akatutazama mmoja mmoja, kila mtu na kiganja kwenye paji la uso. Nikaona mdomo wake unafunguka.

Dada aliinua kidole. "Mwalimu. Uliapa."

Mdomo ukafungwa. Kikapu kikawekwa chini. Halafu Mwalimu alivuka chumba kwa hatua nne, akamnyakua mtoto kitandani na blanketi lake, akatoka naye mbio.

Ungeona chumba kilivyoamka! "Ameiba mtoto!" jirani mmoja akapiga ukelele. Viti vikaanguka. Dada aliruka kitandani bila viatu, mama mkwe nyuma yake, mimi nyuma ya mama mkwe nikikanyaga mikate iliyomwagika kikapuni. Tulimkimbiza Mwalimu hadi katikati ya kiwanja, na hapo ndipo miguu yangu iligundua haina nguvu. Mama alikaa chini kwenye nyasi kama aliyesukumwa. Dada alifika kwa Mwalimu, akainua mkono ampige, badala yake akainama akatapika.

Mwalimu alikuwa amefunua uso wa mtoto, anamsugua mgongo, anampulizia jina lake. Midomo ya mtoto ilikuwa imelegea. Sijui ni dakika ngapi, sitaki kukudanganya. Kisha ukatoka mlio mwembamba, kama mlango wa kabati. Kisha mwingine, wenye hasira.

Dada alikuwa amepiga magoti. "Ongea," akasema. "Mwalimu, ongea!"

"Jiko," Mwalimu akasema. "Hewa ya makaa. Hakuna mtu arudi ndani. Binamu, washa gari, tunaenda hospitali, mama na mtoto mbele." Kwa mtu aliyetunza maneno tangu asubuhi, hayo ndiyo yote aliyotumia.

Hospitalini waliwekewa oksijeni wote wawili, na sisi wengine tukapimwa. Kesho yake walirudi nyumbani, mtoto ameanza tena kudai haki zake kwa sauti. Aliyebaki mgonjwa ni mama mkwe. Alikuwa amekaa jikoni, hali chakula, akirudia tu, "Lakini moshi iliisha. Nilingoja ikaisha."

Mwalimu alivuta kigoda, akashika mikono yake. Sijawahi kumsikia akieleza kitu kwa upole vile. Alimwambia kwamba makaa yakiungua yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, na inatoka hata yakiwa mekundu bila moshi. Damu huipokea kwa pupa kuliko inavyopokea oksijeni, ikajaa humo, na mtu anakosa pumzi huku anapumua. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja mtamu. "Moshi ndiyo ilikuwa inakuonya, mama," akasema. "Ulifukuza mbwa, mwizi akabaki. Na hakuna mtu alikuwa amekuambia. Hata sisi wote tulikaa hapo tukikunywa chai."

"Mimi nimekaa na jiko ndani maisha yangu yote," mama mkwe akasema.

"Nyumba ya zamani ilikuwa na matundu. Hii mpya ni nzuri sana, haipitishi kitu."

Mama mkwe akafikiri. Kisha akaomba chai.

Mara ya mwisho kwenda huko, mtoto anatembea. Kina mama wa jirani walikuwa wamealikwa, na dada yangu ndiye aliyetoa kiti kikubwa cha sebuleni hadi kiwanjani, akamkalisha Mwalimu, akamfunika mabega kwa leso yake.

"Huyu ndiye aliiba mtoto wangu," akawatangazia. "Leo hajaapa. Mumwulize kila kitu."

Waliuliza. Na kama nikifungua dirisha kidogo? "Kidogo haitoshi." Na kama mlango uko wazi lakini tukilala tufunge? Mwalimu aligeuka, akamtazama dada, akamwachia hilo. Na dada, aliyesimama hapo na mtoto kiunoni, akawajibu mwenyewe. Nami nakupa jibu lake lilivyokuwa.

Leo, kabla ya baridi kuingia, liweke jiko lako la makaa nje na liache huko, hata kama makaa ni mekundu na hayana moshi. Mtoto mvishe kofia na soksi, umweke kifuani mwako. Na siku mkiwa chumba kimoja na jiko, vichwa vikaanza kuwauma kwa pamoja, msiulizane sababu mkiwa ndani: mbebe aliye mdogo kuliko wote, mtoke nje nyote, mwende hospitali.